Hatua Kumi na Mbili za Mwalimu Jilo

Mafuriko ya Tana yalikuwa yamefuta alama zote uwanjani. Kwa hiyo refa alipopuliza penalti dakika ya mwisho, watu wote walimgeukia Mwalimu Jilo, ingawa timu iliyokosea ni yake mwenyewe. Pale Garsen penalti haikupimwa kwa futi. Kwa miaka thelathini ilipimwa kwa hatua zake kumi na mbili.

Golikipa wake alimwangalia akianza kuhesabu. Msichana huyo alipokuwa kidato cha kwanza, hatua hizo zilikuwa za twiga, na wasichana walizifuata kwa kuruka huku wakicheka. Lakini tangu kile kiharusi cha mwaka jana, kiatu cha kushoto kiliburuta tope, na hatua haikufika hata nusu ya zile.

"Kumi... kumi na moja..." Sauti tu ndiyo iliyokuwa haijazeeka.

Ya kumi na mbili ikaishia karibu mno na goli. Mwalimu akainama, akamwaga majivu kidogo kuweka alama. Wasichana wa Kinakomba, wapinzani wao, walibanwa na kicheko, maana bao hili likiingia, kombe wanaondoka nalo.

"Wewe, sema!" beki alimnong'oneza golikipa. "Hapo hata nyanyangu anafunga!"

Mwalimu akainua kichwa. "Ni sawa, mwanangu?"

Golikipa akatazama majivu, akatazama kile kiatu kilichojaa tope.

"Ni sawa, mwalimu. Ni kumi na mbili."

Akarudi katikati ya milingoti, akatanua mikono mpaka mwisho wa urefu wake.