Nywele za Kidevuni

Wembe ulianguka kwenye sinki la bafuni. Mama akagonga mlango. Akagonga tena, safari hii kwa ngumi, mpaka komeo likafunguliwa.

Mtoto wake wa pekee, wa miaka kumi na tano, alikuwa amesimama mbele ya kioo, pamba iliyoloa damu kaibana chini ya mdomo. Haikuwa mara ya kwanza kujikata.

"Nipeleke wakaziondoe kwa leza," akasema bila kugeuka. "Nimekuomba sana, mama."

Kweli alikuwa ameomba. Tangu nywele zianze kumwota kidevuni na juu ya mdomo, alikuwa hataki kupigwa picha. Alikwangua asubuhi, akakwangua tena jioni, hata ngozi ikachubuka. Katika nyumba ile waliyohamia wao wawili tu, alikula kainamisha kichwa, akimaliza anajifungia chumbani.

Mama alikuwa na hakika kwamba chanzo ni wenzake wa darasani. Aliwahi kwenda kumwona mwalimu, naye akamwapia kwamba hakuna anayemtania. Hakumwamini. Watoto wana midomo michafu, na mwalimu hawezi kusikia kila kitu.

Siku hiyo hiyo wakaenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimulika kidevu kwa taa, akayapapasa makovu. Akaeleza kwamba leza huunguza mzizi wa nywele, lakini kwa umri ule mwili bado unabadilika, kwa hiyo zinaweza kuota upya. Tena kwenye ngozi nyeusi, mashine isiporekebishwa vizuri, huacha mabaka. Akashauri wasubiri kwanza.

"Hatuwezi kusubiri," mama akasema. "Hukuiona damu niliyoiona mimi leo. Kesho huo wembe si utashuka shingoni?"

Daktari akazima taa. Akavuta kiti, akakaa karibu na mtoto, magoti kwa magoti, akamwuliza ni nani shuleni anayemcheka.

"Hakuna."

"Na nyumbani?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu. Mama akamsihi aseme, asimfiche mtu; hata awe nani, watamkabili pamoja.

"Nazidi kufanana na baba," mvulana akasema. "Ndevu zikiota, mama akinikuta ghafla mlangoni, anajikinga uso kwa mikono."