Mbele ya Mlango wa Tatu

Treni ya kuelea, ile iendayo kwa sumaku bila kugusa reli, iliyokuwa ikipeleka watu uwanja wa ndege, ilitangazwa kusimama kwa wiki mbili tu, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Hata hivyo kila asubuhi Bi Raya alifagia jukwaa lote la stesheni, isipokuwa mraba mmoja mbele ya mlango wa tatu. Hapo vumbi lilikuwa limetanda kama shuka, na nyayo mbili za malapa zimeelekea relini. Binti yake Salha aliziacha siku alipopanda treni ya mwisho, akisema, "Nikifika nitakupigia, mama."

Simu haikulia.

"Na hapo je, Bi Raya?" aliuliza Kheri, msimamizi mpya. "Kesho wakubwa wanakuja kukagua."

"Msafiri hafagiliwi nyuma mpaka afike, mwanangu. Kwenu hamkufunzwa?"

Kheri alifunzwa. Mama yake alikuwa akificha ufagio hata baba akienda mji wa pili tu. Lakini kazi ni kazi. Akauchukua ule ufagio taratibu, akasema, "Niwie radhi, mama," akaupitisha mara moja.

Vumbi likainuka zima zima, kimo cha kidole, lisianguke. Likaelea juu ya sakafu kimya kimya, kama treni ilivyokuwa ikielea, na nyayo zimo ndani yake. Kisha likaanza kugeuka polepole, ncha za malapa zikaiacha reli, zikamwelekea Bi Raya.

Bi Raya akarudi nyuma ya mstari wa njano, kama abiria walivyokuwa wakiambiwa treni inapoingia.