Nafasi ya Baba kwenye Mkeka

Kidole gumba cha Kokwijuka kilikuwa tayari kwenye gurudumu la kusogezea filamu. Kamera yenyewe ilikuwa ya plastiki tupu, nyepesi kama ya kuchezea watoto.

Asubuhi, kabla lori halijawahamishia kijiji kipya cha ujamaa huku Muleba, alikuwa amelipiga picha kaburi la baba yake kibanjani, katikati ya migomba, na tangu hapo hakuwa amepiga nyingine.

Sasa mama yake ameketi mkekani, mahali pasipo na hata mgomba mmoja. Vumbi la safari limemganda kwenye kope. Amejibana ukingoni kabisa, na ubavuni pake ameacha nafasi ya mtu mzima.

“Sogea katikati, mama,” Kokwijuka akasema kwa uchovu. “Picha itakaa vibaya.”

“Hapo ni pa baba yako. Kule tumemwacha peke yake. Na kwenye picha tumwache tena?”

Kokwijuka akakumbuka onyo la padri aliyempa kamera ile: asiposogeza filamu, picha ya pili itatokea juu ya ile ya kwanza, na zote mbili zitaharibika.

Akaondoa kidole kwenye gurudumu bila kulizungusha.

“Haya, mama,” akasema. “Tulieni hivyo hivyo.”