Suruali ya Posa

Mbelwa alipostaafu tu, alimnyang'anya mkewe bustani. Maharage mafupi, yasiyotambaa kamwe, aliyachomekea miti mirefu. Yale yanayotambaa akayaacha chini bila hata kijiti. Bi Nyamizi alipotaka kumrekebisha, akakatwa kauli: "Bustani hii ni yangu. Usiguse kitu!"

Haya, hakugusa. Hakugusa hata suruali ya mumewe ya sherehe, iliyoanikwa kwenye kamba ya humo bustanini. Mvua ikanyesha, jua likawaka, maharage yakatafuta pa kushika.

Asubuhi ya kwenda kumposea mtoto wao Ligwa, Mbelwa aliikuta suruali imezongwa na maharage miguu yote miwili hadi kiunoni.

"Mama Ligwa, lete kisu!"

Bi Nyamizi akaleta mbio. Mbelwa akainama, akachungulia mfukoni, kisha akamrudishia kisu taratibu.

"Vipi tena, Baba Ligwa?"

"Yametoa maua," alinong'ona, kama aliyesimama kando ya mtoto aliyelala.

Akaenda ukweni na koti, tai na kaptura ya kulimia. Nyuma yake upepo ukavuma, na pale kambani suruali ikanyanyua mguu mmoja.