Rangi ya Marehemu

Balbu ya nne ya trekta nayo iligoma, Fundi Mbaruku akatupa bisibisi. Uwanja ulijaa majirani, kila mmoja fundi wa mdomo.

"Au taa zinataka ubani, fundi?" Siwema muuza maandazi alimchokoza.

Trekta lile kuukuu ndilo lingemtangulia bibi harusi jioni hiyo, taa zikiwaka, kama marehemu baba yake alivyomwahidi. Mbaruku alifuata waya wa arthi, ule wa kurudisha umeme, mpaka unapofungwa kwenye bodi la trekta, akaufungua, akasonya. Marehemu alilipaka trekta rangi katika wiki zake za mwisho, akapaka hata pale waya unapotakiwa kugusa chuma. Umeme ungepita wapi?

"Bi Tunu, hapa lazima nikwangue rangi kwa msasa."

Bi Tunu, mjane wa marehemu, akainama. Kwenye rangi palikuwa na alama ya dole gumba, pale mumewe alipokandamiza waya rangi ikiwa mbichi.

"Huwezi kuufunga kwingine?"

"Kwingine kutu tupu, mama. Nimehangaika tangu asubuhi."

Ngoma za harusi zikasikika barabarani. Bi Tunu akaweka dole gumba lake juu ya lile la mumewe, akanyoosha mkono wa pili.

"Nipe huo msasa," akasema, bila kuondoa dole lake.