Kitana cha Saluni

Msusi wangu wa zamani, aliyeacha kazi saluni kwangu, alikuwa akimsuka mteja aliyenipa kisogo. Saluni yake mpya ilinukia rangi. Roho iliniuma, hasa nilipokiona kitana changu mkononi mwake.

“Mkataba wa kazi ulisema vifaa vyote ni mali yangu!” nilifoka.

“Kumbe nilisahau kukirudisha. Samahani, dada.”

“Na wateja wangu uliowabeba?”

“Hao hawakuandikwa kwenye mkataba.”

Mteja akageuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Alikuwa mama yangu mzazi, aliyeniambia juzi tu kwamba kusuka kunamuumiza kichwa, ameacha kabisa.

“Mpe kitana chake, mwanangu,” mama akamwambia yule msusi. “Malizia tu kwa vidole.”

Nilikipokea. Mvi za mama zilikuwa zimenasa kwenye meno ya kitana.