Swila Aliyekuja Matangani

Jogoo alipokufa, mjane wake Kuku alibaki bandani akiatamia mayai. Swila, nyoka mwenye sumu aliyekaa chini ya lundo la kuni, aliyatamani mayai yale, akaja mlangoni kwa upole.

"Pole, shemeji. Nimekuja kulala matanga, usiwe peke yako."

"Mungu akulipe, shemeji. Ingia, ukae na Nguchiro. Ndiye anayetuongozea dua. Hajala tangu jana, maskini, lakini ana subira."

Swila akarudi nyuma, maana nguchiro hula nyoka. "Nimekumbuka, hata kwangu kuna msiba."

"Bado," akasema Kuku. "Lakini ukiingia, msiba utakuwapo."

Swila akaondoka, hata lundo la kuni akalihama. Bandani hamkuwa na Nguchiro. Mlikuwa na mayai, mjane, na Mungu aliyekuwa akiombwa.